Maziwa Matamu ya Jagi Langu

Wanangu, udongo ukitaka kuujua, uulambe. Mwalimu wenu hapa chuoni atawaambia habari za chekeche na ndoo ya maji, na hayo ni sawa, yaandikeni kwenye mtihani. Lakini mkifika bondeni chukueni kipande, kiwekeni ulimini, kikandamizeni kwenye kaakaa. Ukisikia chenga za mchanga, huo utavumilia moto. Ukiteleza kama siagi, utapasuka ukiupa mgongo tu. Ukiwa na chumvi, uache hapohapo, nenda zako. Mimi nimelamba udongo wa Bariadi, wa Ipililo, wa Malampaka nyuma ya stesheni, na tumbo langu ni hili mnaloliona. Udongo haujaniumiza. Kilichoumiza watu ni kitu kingine, nilikileta mimi, na mkuu wenu wa chuo hajui kwamba hicho ndicho nimekuja kusema. Yeye anadhani nimekuja kuwachekesha.

Haya, nicheke nanyi kwanza.

Nilianza na chaki. Shule ya msingi, somo la kazi za mikono, enzi hizo sisi tuko mkoa wa Shinyanga na Simiyu ni jina la mto tu. Mkaguzi anakuja kesho, nami nina vikombe vya udongo arobaini vya darasa la tano, vimefinyangwa juzi. Nikavianika juani kama dagaa. Kosa hilo. Kesho yake nikaviwashia moto mkaguzi akiwa ameketi, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo. Vikaanza. Pa! Pa! Kigae kimoja kikaruka kikatua kwenye daftari lake. Watoto wakashangilia kama wako mpirani. Mkaguzi aliandika kwamba somo langu lina uhai mwingi.

Udongo unaweza kukauka nje na moyoni ukabaki mbichi. Yale maji yakichemka yanatafuta mlango, na usipoyapa yanajitobolea yenyewe. Kausheni kivulini, wiki nzima. Kabla ya kuchoma, wekeni chungu shavuni. Kikiwa cha baridi, bado. Hilo sikulitoa chuo cha ualimu, nilifundishwa na mwanamke asiyejua kusoma, nitamfikia.

Baadaye chama cha ushirika kilitaka mtu wa kuchora mabango, nikaacha chaki nikashika brashi. Nilichora pamba safi na pamba fifi, nikakata stensili za kupigia chapa marobota, nikaandika majina ya maghala kwa herufi unazozisoma ukiwa kwenye baiskeli. Bango langu lililonipa sifa lilikuwa la mkulima anayepulizia dawa ya wadudu, amefunga kitambaa puani. Lilibandikwa kila ghala. Mwezi mmoja baadaye nafika kijijini, mzee mmoja ananiuliza kwa huruma kabisa, "Bwana mchoraji, yule mtu wenu amefukua maiti ya nani?" Kwao mtu anaziba pua kwa harufu mbaya tu, na dawa ile haikuwa na harufu mbaya kiasi hicho. Nikajifunza kwamba picha haisemi peke yake, lazima uketi na watu uisome nao.

Mnacheka. Chekeni sasa, maana mimi niliyefundisha wilaya nzima kuziba pua, mwenyewe nilikuja kumketisha mama wa watu kwenye vumbi la sumu bila hata leso.

Soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori, kila mmoja na mizani yake, ushirika ukapumua pumzi mbili tatu ukazimika. Maghala yakabaki na popo. Tuliitwa ofisini mmoja mmoja tukapewa barua, na mchoraji hakuwa wa mwisho kuitwa. Madukani kulikuwa kumejaa vitu ambavyo hatukuviona miaka ya foleni: mabeseni ya plastiki, majagi mekundu, sufuria zinazong'aa. Watu walifurahi, nami nilifurahi, msinione mnafiki. Ila mke wangu alikuwa mgonjwa, watoto wanne, na mimi mikono yangu inajua kuchora na kufinyanga vibaya. Nikasema, basi nifinyange vizuri.

Nikaenda kwa Bibi Minza.

Kwetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Bibi Minza alikuwa mjane, anakaa kaya moja na mkwewe Mbuke, mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa ameenda machimbo ya dhahabu na hakuna aliyejua atarudi lini. Nilimkuta anakanda udongo kwa kisigino.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, maana mayu kwetu ni mama.

"Mwangaluka mhola." Akanitazama juu mpaka chini. "Ng'walimu umepotea? Shule iko kule."

"Nimekuja kujifunza vyungu."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Bebe! Wewe, na ndevu hizo? Mkeo naye amekwenda kujifunza kuchunga?" Akamwita Mbuke aje aone kioja. Mbuke akaja na mtoto wake Holo kiunoni, wakacheka wote watatu, hata yule mtoto ambaye hakujua anacheka nini. Halafu Bibi Minza akanirushia donge la udongo. "Lamba."

Ndivyo nilivyoanza. Alinifundisha kusaga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya kwenye udongo mpya ili ushikamane. Alinifundisha kugonga chungu kwa kidole na kusikiliza: kikilia kizima, kikikoroma kina ufa. Nilivunja vingi. Kila nikivunja alisema, "Hicho ni cha serikali, kanda kingine." Macho yake yalikuwa mekundu daima, mekundu kabisa, kwa sababu miti kwetu ni haba na yeye amechoma vyungu na kupika kwa mavi makavu ya ng'ombe tangu akiwa msichana. Moshi ule unakula macho. Mnajua wenyewe, na kama hamjui waulizeni wazazi wenu, miaka ile kwetu macho mekundu ya bibi kizee yalikuwa kesi ya uchawi.

Tulianzisha kikundi, wanawake sita nami. Vyungu vyetu vilikuwa vizuri lakini mnunuzi alikuwa akishika chungu, anatazama jagi la plastiki la jirani, anaweka chungu chini. Plastiki inang'aa. Hapo ndipo elimu yangu iliponiwasha. Nilikumbuka kutoka chuo cha ualimu kwamba kuna ung'avu wa kupaka juu ya udongo, kama kioo, na kwamba wa kawaida unataka moto mkali kuliko tanuru letu. Lakini kuna mmoja unaoyeyuka kwa moto mdogo. Huo unataka risasi, madini ya risasi, na risasi ilikuwa imelala bure nyuma ya gereji. Malori ya wanunuzi wa pamba yaliacha betri mbovu chungu nzima. Unafungua betri, unatoa zile sahani za kijivu za ndani, unasaga, unachanganya na chupa iliyotwangwa, unapaka, unachoma mara ya pili.

Chuo kiliniambia pia kwamba risasi ni hatari. Niliandika kwenye daftari. Sentensi moja hiyo, nikaiacha daftarini.

Jagi la kwanza lilipotoka lilikuwa rangi ya asali, linameremeta. Wanawake walipiga vigelegele. Bibi Minza hakupiga. Alichovya kidole kwenye ule unga uliobaki, akalamba, akatema mate mara tatu.

"Mtamu," akasema. "Ng'walimu, udongo hauwi mtamu."

"Utamu si ubaya, mayu."

"Yaya, hapana. Nimelamba udongo tangu sijaota meno ya pili. Hiki si udongo."

Nikamwambia hiyo ni sayansi. Jamani, nilisema hivyo, na nilisema nikitabasamu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu ni zima, waliovunjika ni wengine.

Mbuke ndiye aliyesaga. Alikuwa hodari, ana nguvu za mabega, anasaga huku anaimba, vumbi limemkaa mpaka kwenye kope. Akanyonyesha hivyohivyo, akala hivyohivyo. Nikampa jagi la kwanza kama zawadi, nikalichora ua shingoni. Bibi Minza mwenyewe aliendelea na kibuyu chake. Lakini mjukuu wake Holo alilipenda lile jagi, hataki kingine, kwa hiyo kila jioni bibi alimimina maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu kuyaweka kwenye jagi, na asubuhi anampa mtoto. Majirani walionja. Habari ikaenea kwamba maziwa ya jagi la mwalimu ni matamu kuliko ya kibuyu. Watu walitoka mbali kuja kuyanunua majagi hayo, na nilipoulizwa siri ya utamu nilitikisa kichwa kama mtu mwenye siri. Sikuwa na siri. Sikujua. Mwenye duka la watalii kule Lamadi akasikia, akaagiza jagi na vikombe kujaza gari lake zima. Mke wangu akapata dawa. Nilitembea mjini nimeinua kidevu.

Mbuke akaanza kuumwa tumbo, la kusokota, anajikunja kwenye jiwe la kusagia. Halafu mikono. Chungu kilimtoka, kisha bakuli. Holo akapauka, akaacha kukimbia, akaacha maneno aliyokuwa ameshayajua. Siku moja akapata degedege, akarudia, na tena. Ndugu wa ukoo wakampeleka kwa mganga. Mganga akapasua kuku, akasema mkono uko ndani ya kaya. Ndani ya kaya kulikuwa na watu watatu, na wawili walikuwa wagonjwa.

Mimi sikuamini mambo ya mganga. Nikasema nitawapeleka hospitali kubwa, safari ya siku nzima, na nikaona fahari kwamba nawaokoa na ushirikina. Mbuke Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na sokoni. Daktari alikuwa mtu wa pwani, Kisukuma hajui hata kuamkia. Basi nikakaa katikati yao, mkalimani.

Daktari alimfunua Mbuke mdomo wa chini kwa kidole. Kwenye ufizi, chini ya meno, kulikuwa na mstari wa buluu iliyoiva karibu na nyeusi. Akamwambia anyooshe mikono mbele. Mikono ilinyooka, viganja vikaning'inia.

"Huyu mama anafanya kazi gani?"

"Mfinyanzi."

"Anagusa betri za magari?"

"Tunazisaga," nikasema. "Tunapaka majagi, yang'ae."

Daktari akaweka kalamu chini. "Na mtoto anakunywa humo?"

"Maziwa mgando."

"Mwalimu, hiyo ni risasi. Ni sumu. Maziwa yaliyochacha yanaitoa kwenye chombo, na ina utamu, watoto wanaipenda. Mwambie mama yake hivyo, mwambie sasa nikisikia. Vyombo vyote vivunjwe, yeye asiguse tena unga ule."

Mbuke akanitazama. "Anasemaje?" akaniuliza kwa Kisukuma.

Ilikuwa Jumatano. Gari la Lamadi lilikuwa linakuja Jumamosi. Nilimwona mke wangu, nikaona wanawake sita wa kikundi, nikaona uso wangu mwenyewe sokoni, mwalimu aliyelisha watu sumu. Nikasema moyoni, nitayakusanya majagi ya kijijini polepole, nitasema yana ufa, hakuna atakayejua. Nikamgeukia Mbuke nikasema kwa Kisukuma, "Anasema mtoto asinywe maziwa. Aache kwanza maziwa."

Daktari hakunielewa. Aliitikia kwa kichwa, karidhika.

Basi. Nimewaambia wanangu mengi leo, hilo ndilo nililokuja kuliweka mezani. Nilijiambia sikusema uongo hata neno moja, nilipunguza tu. Tulirudi na chupa ya dawa ya degedege na tarehe ya kurudi kliniki.

Sasa fikirini. Mama amesikia kwa mganga kwamba mkono uko ndani ya kaya. Anasikia kwa daktari kwamba ubaya uko kwenye maziwa. Kwenye kaya ile nani alikuwa anakama, nani anagandisha, nani anamimina, nani anampa mtoto kila asubuhi kwa mkono wake? Mbuke hakuwa mjinga. Aliunganisha alichopewa. Akamtaja mkwewe kisimani, akasema, "Hata daktari wa mjini ameona ni maziwa," na kufikia jua la mchana maneno yalikuwa yamefika kila kaya.

Ijumaa Bibi Minza alikuja kwangu kwa miguu. Hakutania siku hiyo. Alisimama mlangoni, hataki kukaa.

"Ng'walimu, wewe ulikuwepo. Daktari alisema nini?"

"Mayu, usiwe na wasiwasi."

"Wananitazama. Mbuke amenificha mtoto. Nimemlea Mbuke kama niliyemzaa, leo ananificha mtoto. Njoo uwaambie alichosema."

Nyuma yangu majagi yalikuwa yamepangwa, nusu yamefungwa kwenye nyasi kavu. Aliyaona. Sijui alielewa kiasi gani.

"Kesho," nikamwambia. "Gari likishaondoka nakuja mwenyewe, nazungumza na ukoo wote."

"Kesho," akasema. Akaenda.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafunga jagi la mwisho mwanamke mmoja wa kikundi alipofika mbio, kanga imemdondoka njiani. Bibi Minza alikuwa ameondoka mapema kwenda bondeni kuchimba udongo. Walimkuta hukohuko shimoni, amekatwakatwa mapanga, ndoo yake imejaa nusu.

Gari la Lamadi lilipofika lilinikuta nimekaa kwenye vigae. Nilivunja yote, moja moja, na dereva akadhani nimerukwa na akili, akageuza gari. Polisi walikuja, wakaandika watu wasiojulikana. Niliwaeleza habari ya daktari. Yule aliyekuwa anaandika akaniambia kwa upole kabisa kwamba kutafsiri vibaya si kosa kisheria, akafunga kitabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema, lakini kifo hakikuniumbua mimi. Kilikwenda kwa mtu mwingine, mimi nikabaki na suti yangu ya mazishini na watu wananipa pole, kwa kuwa alikuwa mwalimu wangu.

Siku nne nilizipokea pole hizo. Ya tano nilimwomba mwenyekiti aitishe mkutano wa kijiji. Nilisimama mbele yao nikasema yote: betri, unga, utamu, majagi, na maneno ya daktari yote kwa Kisukuma kama alivyoyasema. Niliwaambia waende wavunje kila chombo kinachong'aa nilichowauzia. Wanawake wawili waliinuka hapohapo wakakimbilia kwao. Mbuke alikuwa amekaa mbele, Holo mapajani, macho yake hayatoki kwangu.

Mzee mmoja wa ukoo wa marehemu akainuka kwa fimbo.

"Ng'walimu, sisi tunataka kujua neno moja. Hayo ulisikia lini?"

"Jumatano."

Kila mtu pale alijua Jumamosi inakuja baada ya siku ngapi.

Mbuke akasema polepole, kama anajisemea, "Mimi ndiye niliyelitaja jina lake. Kisimani. Ni mimi." Akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, akijifuta machozi kwa mkono wa juu kwa sababu viganja vilikuwa havimtii. Akainuka aondoke. Akamweka Holo mgongoni, akajaribu kumfunga kwa kanga, vidole vikashindwa kukaza fundo. Akajaribu tena. Kanga ikateleza, mtoto akaanza kuporomoka.

Nilikuwa karibu kuliko wote. Nikanyoosha mikono nimfungie.

"Yaya," akasema. "Wewe usimshike."

Akasimama pale amemkandamiza mtoto kwa viwiko mpaka mwanamke mwingine akaja akamfunga.